Sura ya 6: Kisahani cha Kenya

Kisahani chenyewe kilikuwa cha karatasi, upana wake kama kiganja changu. Juu yake palikuwa na vipande vya sarara ya ng'ombe iliyochomwa kwa mchuzi wa kahawa, na chini ya nyama kijiko kimoja kikubwa cha ugali uliochanganywa na viazi vitamu hadi ukapata rangi ya machungwa. Pembeni palikuwa na kachumbari. Kibanda kiliandikwa Kenya. Kwenye ubao wa vyakula, neno kachumbari lilikuwa limeandikwa kama tunavyoliandika sisi, herufi zote kumi. Neno ugali halikuwepo. Mahali pake paliandikwa pap.

"Shangazi, kula, nyama inapoa," akasema binti wa kaka yangu. Mimi nilikuwa bado nausoma ubao.

Sura hii nzima imezaliwa na neno hilo la herufi tatu.

Ilikuwa Jumanne, tarehe 4 Oktoba 2022. Siku sita kabla, Kimbunga Ian kiliingia Florida kutoka Ghuba ya Mexico, na bustani za burudani za Orlando zikafunga milango kwa siku mbili. Njiani tulipita madimbwi yaliyokuwa hayajakauka na miti iliyolala kando ya barabara. Binti alikuwa akisomea uuguzi mjini humo na siku hiyo hakuwa na kipindi. Alikuwa amenikatia tiketi tangu nilipomwambia kwamba ninaandika kitabu juu ya vyakula vinavyosafiri. "Kama ni vyakula vinavyosafiri," aliniambia kwenye simu, "basi njoo uvione vikiwa vimepanga mstari."

Alikuwa anazungumzia EPCOT, bustani iliyomo ndani ya eneo la Walt Disney World, na tamasha lake la kimataifa la chakula na divai. Jina la EPCOT lina kisa cha huzuni kidogo. Mwaka 1966 Walt Disney alitangaza kwamba angejenga huko Florida mji halisi wa majaribio, watu 20,000 waishi humo, wafanye kazi humo, na teknolojia mpya ijaribiwe katika maisha yao ya kila siku. Akafariki tarehe 15 Desemba mwaka huohuo. Walioachiwa kampuni walijenga kwanza bustani ya hadithi za watoto, iliyofunguliwa mwaka 1971, na walipofikia EPCOT, tarehe 1 Oktoba 1982, ule mji ulikuwa umegeuka kuwa maonyesho. Mlangoni kuna tufe kubwa la rangi ya fedha lenye urefu wa mita 55. Nyuma yake kuna ziwa la kuchimbwa, na kulizunguka ziwa hilo kuna mabanda 11 ya mataifa: Mexico, Norway, China, Ujerumani, Italia, Marekani, Japani, Morocco, Ufaransa, Uingereza na Kanada. Kuzunguka yote ni mwendo wa kama kilomita 2. Tulifika siku tatu baada ya bustani kutimiza miaka 40, na mapambo ya sherehe yalikuwa bado yamening'inia.

Tamasha lilianza mwaka 1995, likidumu kama mwezi mmoja. Majira yake yana maana: vuli ndipo watoto wa Marekani wanaporudi shule na familia zinapopungua, na chakula ni njia nzuri ya kuwaita watu wazima wasio na watoto mkononi. Baadaye lilirefuka. Nilipokwenda mimi lilikuwa limefunguliwa tarehe 14 Julai na lingefungwa tarehe 19 Novemba, siku 129. Katika siku hizo vibanda vya jikoni hujaa kando ya ziwa, kila kimoja na nchi yake au aina yake ya chakula, na kila kimoja huuza vionjo viwili vitatu pamoja na vinywaji. Bei za vionjo vingi zilikuwa chini ya dola 10. Hakuna anayekaa mezani kama hotelini. Kuna meza ndefu za kusimamia, na zikijaa watu hula juu ya vifuniko bapa vya mapipa ya taka, ambayo yanafutwa mara kwa mara kiasi kwamba hakuna anayeona vibaya.

Mlangoni tulipewa bure kijitabu kidogo kinachoitwa pasipoti. Kimeorodhesha vibanda vyote na vyakula vyake, na ukila unaweka alama. Binti alikuwa na utaratibu wake. Kila kisahani tungegawana, maji ya barafu tungeomba kwenye migahawa kwa sababu hayauzwi, na tungeanzia Mexico upande wa kushoto. "Usiku hutaki kuwa Mexico, Shangazi, watu wanakuwa wengi."

Kwa hiyo chakula changu cha kwanza siku hiyo kilikuwa mahindi.

Banda la Mexico limejengwa kama piramidi, na mbele yake, karibu na maji, kibanda kilikuwa kikitoa tortila. Niliila polepole kuliko binti alivyotaka, kwa sababu nilijua ninakula kitu kilichoanzia kwa watu hawa. Wakulima wa kusini mwa Mexico waliyafuga mahindi kutoka kwenye nyasi ya porini iitwayo teosinte, miaka 9,000 hivi iliyopita. Mbegu za nyasi hiyo ni chache na ngumu kama kokoto. Kuzifikisha kwenye gunzi tunalolijua kulichukua mikono ya vizazi visivyohesabika, kila mvuno mtu akiweka kando punje bora za kupanda. Wakagundua pia kuchemsha mahindi katika maji ya chokaa kabla ya kuyasaga. Kazi hiyo huifanya niasini iliyomo ipokelewe na mwili. Wazungu walipoyachukua mahindi na kuyapeleka kwingine, waliacha nyuma maarifa ya chokaa. Watu maskini waliokula mahindi karibu peke yake, kaskazini mwa Italia na baadaye kusini mwa Marekani, wakapata pelagra, ugonjwa unaochubua ngozi na kuchanganya akili. Mbegu ilisafiri na mafundisho ya mpishi yakabaki bandarini. Nalifikiria jambo hilo kila ninapoona chakula cha watu wengine kimewekwa kwenye kisahani bila neno lao hata moja.

Norway na China tulizipita haraka. Nilionja kitu kitamu China, kilichokaangwa, sikumbuki zaidi ya hapo.

Baada ya China njia inapinda, na kabla hujafika Ujerumani kuna mahali ambapo hakuna banda. Kuna duka la vinyago na vikapu, kituo cha vinywaji, ngoma ambazo mpita njia anaruhusiwa kuzipiga, na daraja dogo. Panaitwa Outpost, kituo cha mpakani. Hapo ndipo kibanda cha Kenya kilipowekwa, na nadhani msomaji wa Kiswahili anapaswa kujua kwa nini pana uwazi.

Bustani ilipokuwa ikichorwa, palipangwa banda la Afrika ya Ikweta. Katika michoro yake mgeni alikuwa apande nyumba iliyo juu ya mti na kutazama wanyama wakinywa maji jioni, kisha asikie historia na ngoma. Alex Haley, aliyeandika Roots, alionekana kwenye kipindi cha televisheni cha ufunguzi mwezi Oktoba 1982 akilielezea. Halikujengwa. Miaka 40 baadaye, Afrika yote ya kusini mwa Sahara kwenye njia ile ilikuwa duka, kituo cha soda, na, wakati wa tamasha, jiko moja. Sisemi haya kwa kinyongo. Nilisimama pale nikapiga ngoma pamoja na watoto wawili wa Kichina, nikafurahi. Lakini mahali penye jiko moja tu kwa bara zima, kila neno linaloandikwa kwenye ubao hubeba mzigo mkubwa kuliko linavyostahili, na ndiyo maana pap ilinisimamisha.

Pap ni neno la Afrika Kusini. Ni ugali wao, na wanaupika vizuri. Mkenya hawezi kuuita hivyo. Bara atasema ugali, pwani atasema sima. Uganda ni posho. Rwanda na Burundi ni ubugali, Kongo wanasema bugali, Malawi nsima, Zimbabwe sadza. Kwetu Dodoma ugali wenye heshima ya wazee ulikuwa wa uwele au mtama, nafaka zilizofugwa Afrika kabla hatujaona punje ya hindi, na bibi yangu alikuwa na jina tofauti kwa kila unga na kila ugumu. Chakula hiki kina majina kama mtoto aliyelelewa na shangazi wengi. Kuchukua jina la nyumba moja na kulibandika kwenye mlango wa nyumba nyingine ni kosa dogo, na pengine aliyeandika alitaka tu neno ambalo Mmarekani ameshalisikia. Hata hivyo ni kwenye makosa madogo ya namna hii ndipo chakula hupoteza wenyewe.

Nikala. Nyama ilikuwa laini na kahawa ilikuwa imeipa uchungu mzuri, kama ukoko wa chini ya sufuria. Viazi vitamu vilikuwa vingi mno, vikaufanya ugali uwe laini kama wa mtoto. Kachumbari ilikuwa na haki yake yote: vitunguu, nyanya, na ukali wa ndimu unaokaa puani. Nikaanza kukifungua kile kisahani kama mtu anayefungua mzigo ulioletwa na basi, kuona kila kitu kimetoka wapi.

Mahindi: Mexico, ile niliyoiacha nusu saa nyuma yangu. Yalifika pwani yetu na meli za Wareno. Wala jina lenyewe halijui asili yake, kwa kuwa sisi tunayaita mahindi kana kwamba yalitoka Hindi. Hatuko peke yetu. Waitaliano wanayaita granturco, nafaka ya Kituruki, na neno la Kiafrikaana mielie limetokana na milho ya Kireno. Kila taifa lilimpa mgeni huyu jina la jirani aliyedhaniwa kumleta. Viazi vitamu navyo asili yake ni Amerika, na nyanya vilevile. Kachumbari yenyewe ni neno lililovuka bahari kutoka India, ambako wanasema kachumber. Lilishuka Mombasa na Zanzibar pamoja na chapati, sambusa na achari, likakaa hadi tukasahau kwamba lilikuja. Kahawa kwao ni Ethiopia, lakini ile ya Kenya ilizunguka dunia kwanza. Mbegu zake zililetwa mwaka 1893 na wamisionari wa Kifaransa, wakazipanda Bura, kwenye vilima vya Taita, nazo zilikuwa zimetokea kisiwa cha Réunion. Katika kisahani kizima, kitu ambacho kingeweza kudai uenyeji wa siku nyingi ni ng'ombe, na hata huyo babu zake waliletwa na wafugaji.

Basi nchi iliyoandikwa juu ya kibanda inamaanisha nini? Kwangu inamaanisha mkono wa mwisho. Mahindi yakawa ya Kenya siku mama mmoja alipoyasonga kwa mwiko wake, akaita kilichopatikana kwa jina lake, na mtoto wake akashiba. Udongo hauna madai hapo. Mpishi anayo, na ushahidi wake mkuu ni lile jina. Hilo ndilo nililotaka kumwambia binti, lakini alikuwa ameshamaliza kachumbari yote.

Kwenye ubao huohuo kulikuwa na kamba waliotiwa peri-peri. Huko Ureno wanasema piri-piri, na maneno yote mawili yametoka kwetu: ni pilipili. Neno lenyewe tulilipata ng'ambo ya Bahari ya Hindi likiwa la pilipili manga, tukalihamishia kwenye pilipili kali ya Amerika iliyoletwa na Wareno, Wareno wakalibeba tena, na sasa linauzwa Florida kwa tahajia ya watu wengine. Binti alilitamka kama lilivyoandikwa. Nikamwambia, hilo ni letu, litamke kwa nafasi. Akacheka, akasema, "Pilipili."

Ujerumani tulikula soseji ndani ya mkate. Italia na Marekani tulipita, jua likiwa kali na mawingu yakikusanyika kama yanavyofanya Florida kila alasiri ya joto. Tukakaa chini ya mti na hapo tukaileta divai.

Niliyoichagua ni chenin blanc ya Afrika Kusini, kwenye kikombe kidogo cha plastiki. Niliichagua kwa sababu ya baba yangu. Alikuwa na ekari mbili za mizabibu Hombolo, nje ya Dodoma, na nimekua nikishika mkasi wa kupogolea kabla sijashika kalamu sawasawa. Mwaka 1957 wamisionari wa Kikatoliki walipanda zabibu Bihawana, na tangu hapo watu wa Dodoma wakajua jambo ambalo mkulima wa Ulaya halijui: kwamba mzabibu kwenye nchi ya joto isiyo na baridi ya kuulaza unaweza kupogolewa na kuvunwa mara mbili kwa mwaka. Mvua yetu ya mwaka wa kawaida haifiki milimita 600, na mizizi hulazimika kushuka chini kutafuta. Baba alipenda kusema kwamba zabibu ya Dodoma ni tamu kwa sababu imehangaika. Chenin blanc ni mojawapo ya aina tunazolima.

Hiyo chenin nayo ina kisa cha jina, na ni afadhali nikiseme hapa. Kwao ni bonde la mto Loire, Ufaransa. Ilifika Rasi ya Tumaini Jema pamoja na mizabibu ya mwanzo ya Waholanzi. Divai ya kwanza ya huko ilikamuliwa tarehe 2 Februari 1659, na kiongozi wa Waholanzi hao, Jan van Riebeeck, akaandika habari hiyo kwenye shajara yake kwa shukrani. Wakulima wa Rasi waliilima zabibu hii kwa karne tatu wakiiita Steen, wakiamini ni mali yao. Miaka ya 1960 ndipo wataalamu wa Stellenbosch walipoilinganisha na ile ya Ufaransa, wakakuta ni mtu mmoja mwenye majina mawili. Kwa upande mwingine, pinotage ni yao kweli: mwaka 1925 profesa Abraham Perold alichanganya pinot noir na cinsaut, ambayo wao waliiita hermitage, akapata mmea ambao haukuwepo duniani. Hata jina lake limeunganishwa kutoka kwa wazazi wawili.

Ile ya kwenye kikombe ilikuwa na harufu ya pera na asali kidogo, na mwishoni ukali unaomfanya mtu atake chumvi. Nikaifunga mdomoni kama baba alivyonifundisha. Divai ya Dodoma haikuwepo kwenye kibanda chochote siku ile. Ninatamani ifike, na nikiandika hivi simsingizii mtu. Kwenda masoko ya mbali kunahitaji chupa nyingi zenye ladha ileile mwaka hadi mwaka, na wakulima wetu wengi bado wanauza zabibu zao wakiwa na haraka, kabla hazijaoza, kwa bei atakayotaja mnunuzi. Lakini siku ikifika, ningependa iandikwe divai ya Dodoma. Lugha yetu ina maneno mawili ya kinywaji hiki, mvinyo tuliopewa na Wareno na divai tuliyoichukua kwa Wafaransa, kwa hiyo hatuna haja ya kuazima la tatu.

Wakati tumekaa walipita vijana kama kumi, wamevaa fulana za kufanana zenye orodha ya nchi 11 mgongoni, na nchi nne zilikuwa zimekatwa kwa kalamu. Ni mchezo unaojulikana pale: kunywa kinywaji kimoja kila banda hadi uimalize dunia. Sheria inataka miaka 21, na wauzaji wanakagua vitambulisho bila kuchoka. Sikuupenda mchezo huo. Mtu aliyepanda mzabibu, akausubiri miaka mitatu, akaupogoa kwa mikono iliyopasuka, anastahili mnywaji anayekumbuka alichokunywa.

Mvua ikanyesha dakika ishirini kisha ikakoma, na lami ikaanza kufuka mvuke.

Banda la Morocco ndilo la Afrika pekee, na nilikaa humo muda mrefu kuliko kwingine kote. Lilifunguliwa mwaka 1984, na Mfalme Hassan II alituma mafundi wake kutoka Morocco waje kukata na kupanga vigae kwa mikono. Inaonekana. Unaingia kwenye lango lenye umbo la lile la Fez, na ghafla macho yanatulia, kwa sababu kila jiwe limewekwa na mtu aliyefundishwa na baba yake. Tulikula nyama ya kondoo kwenye kijiti, na mkate uliookwa juu ya mawe. Hapo majina yalikuwa kamili. Nilijiuliza lile banda lisilojengwa lingekuwaje kama mafundi wa milango wa Lamu au Zanzibar wangeitwa hivyohivyo. Katika bustani nyingine ya eneo hilohilo, Animal Kingdom, iliyofunguliwa tarehe 22 Aprili 1998, kuna kijiji cha kubuni kiitwacho Harambe ambacho wabunifu wake walikichora baada ya kuiangalia Lamu, na vibao vyake vina Kiswahili. Kwenye hoteli ya jirani kuna mkahawa uitwao Jiko na mwingine uitwao Boma. Kwa hiyo maneno yetu yamekwishafika Florida na yanakaa huko. Yanasomwa kila siku na watu wasiojua kuwa ni lugha ya mtu anayesimama nao kwenye foleni.

Ufaransa na Uingereza nitaziacha, kwa kuwa vitabu juu ya meza zao ni vingi. Kanada ndiko foleni ilikuwa ndefu kuliko zote, watu wakisubiri supu ya jibini ya cheddar na mkate wa chumvi. Tulisubiri dakika thelathini na tano. Ni nzito, ina moshi, na nilielewa kwa nini wapo wanaorudi kila mwaka kwa ajili yake peke yake. Mwanamke mmoja mzee mbele yetu alisema anaila tangu mumewe alipokuwa hai, na alikuwa amechukua vikombe viwili.

Jua lilipoanza kushuka nilimwambia binti kwamba nataka kurudi Kenya. Alinitazama miguuni, maana viatu vilikuwa vimeshaanza kunibana, akasema kuna mashua. Mashua hizo huvusha watu ziwani na kuwashusha Morocco na Ujerumani. Tulishuka Ujerumani, tukatembea hatua chache hadi kwenye ngoma na daraja. Foleni ilikuwa ya watu watano.

Aliyekuwa akitoa chakula alikuwa kijana wa miaka kama ishirini na mbili. Wafanyakazi wote wa pale huvaa kibandiko cha jina chenye mahali walikotoka, na chake kiliandikwa Puerto Rico. Binti akamuuliza kama ameshakionja anachokitoa. Akasema ndiyo, siku ya kwanza walionjeshwa wote, na kilichomshangaza kilikuwa kile cha chini. Akakionyesha kwa kijiko. Kwao, akasema, bibi yake alikuwa anakipika, tena kwa maziwa ya nazi siku ambazo kulikuwa na nazi, na watoto wakikitaka hata kikipoa. "Sisi tunaita funche," akasema.

Nilishika ukingo wa meza ya kibanda. Funche ni chakula kilichoshibisha watu waliofanywa watumwa kwenye mashamba ya miwa ya Puerto Rico: unga wa mahindi uliosongwa, waliopewa kwa kuwa ulikuwa rahisi. Wataalamu wa lugha wengi hulihusisha neno hilo na funji, au funge, jina la ugali huko Angola, na Waangola wanausonga hadi leo, wa muhogo au wa mahindi. Watu walioibwa upande ule wa bara letu hawakuruhusiwa kubeba mwiko wala chungu. Neno walilibeba mdomoni. Likavuka Atlantiki, likapita kwa mama na kwa bibi, karne baada ya karne, bila ubao wowote wa kuliandika, hadi likamfikia kijana huyu mwenye aproni kwenye kibanda cha Kenya kando ya ziwa la kuchimbwa.

Nikamwambia hayo kwa Kiingereza changu cha taratibu, binti akinisaidia. Watu wa nyuma walisubiri bila kunung'unika. Kijana alisikiliza akiwa ameinua kijiko, kisha akauliza kwetu tunakula na nini. Nikamweleza mlenda, na binti akamwonyesha kwa mkono mtupu jinsi tonge linavyofinyangwa na kutobolewa shimo kwa kidole gumba ili libebe mchuzi. Akaijaribu ile ishara hewani, mara mbili, hadi akaipata.

Akachota. Aliweka kijiko kimoja, akatazama, akaongeza kingine, kisha nyama na kachumbari.

"Funche," akasema akinikabidhi.

"Ugali," nikamjibu nikikipokea kwa mikono miwili.

Aliyekuwa nyuma yangu akasogea mbele, akausoma ubao, akaomba pap.